Kituo kimoja cha maji, kata mbili: jiometri ya kompyuta inaanzia wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nina diploma ya upimaji ardhi na Python najifundisha mwenyewe. Nimepewa kazi mkoani Dodoma. Nina orodha ya vituo vya maji kama 4,000, shule 1,500 na faili la mipaka ya kata zipatazo 200. Natakiwa kuonyesha kila kituo kiko kata gani, na kila shule kituo chake cha karibu ni kipi. Programu niliyoandika inachukua zaidi ya saa nzima, na majibu yenyewe yananitia shaka: baadhi ya vituo vinatokea kwenye kata mbili, vingine havitokei popote. Mwenzangu kaniambia hiyo ni jiometri ya kompyuta, nikaisome. Nimefungua vitabu nikakuta nadharia tupu. Ni elimu ya namna gani hii, na mtu kama mimi aanzie wapi?"

Marahaba. Programu yako ina matatizo mawili tofauti: ni nzito, na inakosea. Wengi hukimbilia uzito kwanza kwa sababu ndio unaowachosha. Mimi nitaanza na kukosea. Jibu baya lililotoka haraka litaingia kwenye ripoti, ripoti itaingia kwenye bajeti, na kuna kijiji kitakosa kisima kwa sababu ya alama ya chini-ya au sawa-na iliyosahaulika.

Jiometri ya kompyuta ni tawi la sayansi ya kompyuta linalouliza hivi: ukipewa nukta, mistari na poligoni (maumbo yaliyofungwa kwa mistari) zilizoandikwa kwa namba, ni hatua zipi zitakufikisha kwenye jibu sahihi, na hatua hizo zitaongezeka kwa kiasi gani data zikiongezeka? Tawi hili lilipata sura yake katika miaka ya 1970, na tasnifu ya Michael Shamos katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1978 ndiyo iliyoyakusanya mambo yake mengi mahali pamoja. Jiometri yenyewe ni ileile uliyosoma sekondari. Tofauti ni kwamba kompyuta haioni. Wewe ukiitazama ramani, jicho linakwambia mara moja kwamba kisima kile kiko ndani ya kata ile. Kompyuta ina namba mbili za kisima na mamia ya namba za mpaka, basi. Kila ambacho jicho linakifanya bure, sisi tunalazimika kukieleza hatua kwa hatua.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya elimu hii inasimama juu ya swali moja dogo: nikitembea kutoka nukta A kwenda nukta B, nukta C iko kushoto kwangu au kulia? Ukiweza kulijibu hilo vizuri, nusu ya vitabu ulivyofungua itaanza kusomeka.

Hesabu yake ni hii:

D = (bx − ax)(cy − ay) − (by − ay)(cx − ax)

D ikiwa chanya, C iko kushoto. Ikiwa hasi, iko kulia. Ikiwa sifuri, nukta zote tatu ziko kwenye mstari mmoja. Chukua karatasi ya miraba ujaribu: A ni (0, 0), B ni (4, 2). Weka C kwenye (1, 3): 4×3 − 2×1 = 10, kushoto. Ihamishe C hadi (3, 1): 4×1 − 2×3 = −2, kulia. Ipeleke (6, 3): 4×3 − 2×6 = 0, iko kwenye mstari, ingawa imepita mbele ya B. Hiyo ya mwisho ikumbuke, kwa sababu kuwa kwenye mstari si sawa na kuwa kati ya A na B, na programu nyingi hukosea hapo.

Tazama kisichokuwemo kwenye hesabu hiyo. Hakuna kugawanya, kwa hiyo mstari wima haukuletei kosa la kugawanya kwa sifuri kama unavyoleta ukitumia mteremko. Hakuna sine wala kosine, hakuna kipeuo cha pili. Ni kutoa na kuzidisha tu. Maana yake ni kwamba koodineti zako zikiwa namba kamili, jibu ni kamili, halina kasoro hata ndogo. Katika Python namba kamili hazina kikomo cha ukubwa. Ukizigeuza mita zako kuwa milimita na kuziweka kama namba kamili, jaribio hili halitakudanganya kamwe. Napenda sana njia hii kwa kazi za mipaka, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia.

Jambo moja la kando: kwenye skrini nyingi za kompyuta y huongezeka ikienda chini, si juu. Ukichora matokeo yako kwenye dirisha la programu na ukaona kushoto kumekuwa kulia, usiibadilishe hesabu. Ni mhimili uliogeuka.

Kutoka kwenye D unapata vitu vingi. Vipande viwili vya mstari, AB na PQ, vinakatana iwapo P na Q ziko pande tofauti za AB, na vilevile A na B ziko pande tofauti za PQ. Masharti yote mawili, si moja. Tena thamani ya D, ukiacha alama ya hasi, ni mara mbili ya eneo la pembetatu ABC, na hapo ndipo inapotoka fomula ya eneo ambayo wewe kama mpimaji umeitumia tangu chuoni: zunguka kona zote za kiwanja, kwa kila kona chukua x yake mara y ya kona inayofuata, toa x ya kona inayofuata mara y yake, jumlisha zote, gawa kwa mbili. Kiwanja chenye kona (0, 0), (30, 0), (35, 20) na (0, 25) kinatoa 600 na 875 na sifuri mbili. Jumla ni 1,475, eneo ni mita za mraba 737.5.

Sasa kihamishe kiwanja hichohicho hadi Mpwapwa halisi, kwenye UTM, mfumo wa koodineti za mita unaoigawa dunia kwa kanda, ambako Mashariki ni namba kama 222,000 na Kaskazini ni kama 9,297,000. Umbo halijabadilika, eneo halijabadilika. Lakini kila kuzidisha sasa kunatoa namba ya zaidi ya trilioni 2. Programu inayohifadhi desimali kwa biti 32, kama zilivyo nyingi za michoro na michezo, haiwezi kutofautisha namba za ukubwa huo ila kwa kuruka hatua ya 131,072. Utakachopata ni eneo la sifuri, au mita za mraba 65,536, yaani zaidi ya hekta 6 na nusu, au kizidisho cha hiyo. Hakuna katikati. Kiwanja kisichofika robo eka kimepotea chote ndani ya makadirio ya namba. Python ya kawaida hutumia biti 64, kwa hiyo kwako hali si mbaya hivyo, ila siku utakapoingiza safu za biti 32 ili kuokoa kumbukumbu, utakutana nalo. Tiba ni nyepesi: kabla ya kuzidisha chochote, toa koodineti za kona ya kwanza kutoka kwenye kona zote. Kiwanja kinarudi kwenye sifuri, namba zinakuwa ndogo, na 737.5 inarudi.

Na kwa kuwa uko Dodoma, nakuonya kuhusu jambo la mkoa wako hasa. Kanda za UTM zina upana wa nyuzi 6, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36 Mashariki. Jiji la Dodoma liko magharibi ya mstari huo, Mpwapwa na Kongwa ziko mashariki yake. Kama watu wa uwandani walirekodi kila mmoja kwa kanda yake na faili zikaunganishwa, kituo cha Dodoma mjini kitakuwa na Mashariki ya kama 803,000, na cha Mpwapwa kama 222,000. Ukitoa moja kwa nyingine, umbali unazidi kilomita 500, wakati kwa kweli hazifiki 100. Rudisha data zote kwenye latitudo na longitudo, kisha zipeleke zote kwenye kanda moja, hata kama baadhi zitatoka nje kidogo ya kanda hiyo. Kosa litakaloletwa na kutoka nje kwa kiasi hicho ni dogo mno ukililinganisha na kuchanganya kanda.

Turudi kwenye vituo vyako vinavyotokea kwenye kata mbili.

Njia ya kawaida ya kujua kama nukta iko ndani ya poligoni ni kutoa mstari kutoka kwenye nukta kuelekea mashariki bila kikomo, na kuhesabu unakata mpaka mara ngapi. Idadi ikiwa witiri, nukta iko ndani. Ikiwa shufwa, iko nje. Kata ikiwa na shimo katikati, kwa mfano hifadhi iliyotolewa ndani yake, hesabu bado inafanya kazi bila kubadilisha chochote. Njia hii ilichapishwa tangu 1962 na ni mistari michache ya programu. Nakisia ndiyo uliyoandika.

Shida ni pale mstari wako unapopita kwenye kona ya mpaka. Kona ni ya pande mbili. Ukiuhesabu kila upande, umehesabu mara mbili mahali ulipokata mara moja, na kituo kilichokuwa ndani kinatoka nje. Ukiamua kutohesabu kona kabisa, kosa linageuka upande wa pili. Mtu anaweza kudhani hili ni jambo adimu, lakini koodineti za GPS mara nyingi huhifadhiwa zikiwa zimekatwa kwenye desimali chache, na mipaka ya kata nayo imekatwa hivyohivyo, kwa hiyo y kulingana na y ni jambo la kila siku.

Kanuni inayotibu ni hii: hesabu upande wa mpaka pale tu ambapo ncha yake moja ina y kubwa kuliko y ya kituo, na ncha nyingine ina y ndogo kuliko au sawa na ya kituo. Basi. Ijaribu kwa mkono. Mpaka unaopanda kupitia kwenye kona: upande wa chini hauhesabiwi kwa sababu hakuna ncha iliyo kubwa zaidi, upande wa juu unahesabiwa, jumla moja, sawa. Kona iliyo kilele, pande zote mbili ziko chini: jumla sifuri, sawa. Kona iliyo bonde, pande zote mbili ziko juu: jumla mbili, bado ni shufwa, sawa. Upande uliolala mlalo unajiondoa wenyewe. Alama moja ya "au sawa" iliyowekwa upande mmoja tu ndiyo imefanya kazi yote hiyo.

Kisha kujua kama upande huo uko mashariki ya kituo, usigawanye. Tumia D: chukua ncha ya chini kuwa A, ncha ya juu kuwa B, kituo kuwa C. D ikiwa chanya, kituo kiko kushoto ya upande, hivyo mstari wako wa kwenda mashariki unaukata. Nasisitiza "ncha ya chini kuwa A" kwa sababu ambayo vitabu vingi vya utangulizi huiruka. Kata mbili jirani zinashiriki mpaka mmoja, lakini kata hii inauzunguka ukipanda na ile inauzunguka ukishuka. Ukifanya hesabu kwa mwelekeo wa kila kata, makadirio ya desimali yanaweza kutoka tofauti kidogo, na kituo kilicho juu ya mpaka kikakubaliwa na zote mbili au kukataliwa na zote mbili. Ukizipanga ncha kwanza, kata zote mbili zinafanya hesabu ileile, namba kwa namba, na haziwezi kupingana. Hata D ikiwa sifuri kamili, kituo kinakwenda kwa kata ya upande wa mashariki peke yake.

Hayo yote yanadai kwamba mpaka uwe mmoja kweli. Fungua faili lako kwenye QGIS, programu ya ramani, sogeza karibu kabisa kwenye mipaka miwili mitatu. Kama kata hizo zilichorwa na watu tofauti, utaona mianya myembamba isiyo ya kata yoyote, na vipande vyembamba vilivyofunikwa na kata mbili. Wakati mwingine kata moja ina kona ya ziada katikati ya mpaka ambayo jirani yake hana, na mwanya unazaliwa hapo. Kwa kasoro hizi hakuna algoriti ya nukta, yaani mfuatano wa hatua, itakayokusaidia, kwa sababu programu inajibu ukweli kuhusu ramani mbovu. Safisha mipaka kwanza kwa kuzivuta kona zinazokaribiana ziwe moja. Na kituo kikiwa umbali wa mita 5 kutoka mpakani, wakati simu iliyokirekodi ina kosa la mita hizohizo, usijifanye unajua. Kiandikie "mpakani" kwenye safu yake na umuulize mtendaji wa kata.

Angalia pia nukta zilizo mbali kupita kiasi. Data za wazi za vituo vya maji vya Tanzania, zile zenye rekodi 59,400 ambazo wanafunzi wa ujifunzaji wa mashine (machine learning) duniani kote huzifanyia mazoezi, zina vituo zaidi ya 1,800 vyenye longitudo 0 na latitudo −0.00000002. Hapo ni baharini, Ghuba ya Guinea. Ni vituo ambavyo GPS yake haikuandikwa, na kompyuta ikajaza namba. Baadhi ya vile vyako visivyotokea popote huenda viko huko.

Sasa uzito. Vituo 4,000 mara kata 200, na tuseme kila kata ina kona 600 kwa wastani: ni majaribio milioni 480. Ndiyo maana saa inapita. Lakini jiulize, kituo kilicho Kongwa kina sababu gani ya kujaribiwa dhidi ya kila kona ya kata iliyoko Kondoa? Kwa kila kata hifadhi namba nne: x ndogo kabisa, x kubwa kabisa, y ndogo, y kubwa. Huo ni mstatili unaoifunika kata yote. Kituo kikiwa nje ya mstatili, kiko nje ya kata, na umelijua hilo kwa kulinganisha mara nne badala ya kuzunguka kona 600. Mistatili ya jirani hupishana, kwa hiyo kila kituo kitabakiwa na kata mbili au tatu za kujaribu kikamilifu. Kutoka milioni 480 umeshuka hadi milioni 7 na kitu, pamoja na majaribio 800,000 mepesi ya mistatili. Hilo peke yake litaishusha saa yako hadi sekunde. Sijui hatua nyingine katika fani hii inayolipa kiasi hicho kwa jasho dogo kiasi hicho.

Ukitaka kuendelea, mistatili yenyewe unaweza kuifunga ndani ya mistatili mikubwa zaidi, na hiyo ndani ya mingine, uwe na mti. Ukifika kwenye tawi ambalo mstatili wake hauna kituo chako, unaliacha lote na kila kilichomo. Huo ndio R-tree, alioutoa Antonin Guttman mwaka 1984. Uko ndani ya hifadhidata kama PostGIS na SQLite, na Shapely, maktaba ya Python (yaani programu zilizokwisha kuandikwa na wengine), ina ndugu yake aitwaye STRtree. Kwa kata 200 huuhitaji. Kwa viwanja laki kadhaa vya jiji, hutafanya kazi bila huo.

Kuhusu shule na kituo cha karibu nitakushangaza: hapo huna tatizo. Shule 1,500 mara vituo 4,000 ni umbali milioni 6, na kompyuta yako inazimaliza kwa sekunde chache. Linganisha mraba wa umbali, usichukue kipeuo cha pili, maana kilicho karibu zaidi ni kilekile. Siku utakapofanya hivyo kwa nchi nzima, jifunze mti wa k-d wa Jon Bentley, wa mwaka 1975, unaogawa nukta kwa x, kisha kwa y, kisha kwa x tena, ukaacha nusu ya ramani kila hatua. SciPy, maktaba nyingine ya Python, inao tayari. Lakini usiupe latitudo na longitudo ghafi. Kwetu karibu na ikweta nyuzi moja ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo, hivyo kosa halionekani. Mtu akiibeba programu hiyohiyo hadi London, ambako nyuzi ya longitudo ni kama asilimia 62 tu ya ya latitudo, majirani watabadilika.

Kuna njia nyingine ya kulitazama swali hilohilo: badala ya kuuliza shule moja moja, gawa ramani nzima mapema, kila kituo kipewe eneo lote ambalo kiko karibu nalo kuliko kituo kingine chochote. Mgawanyo huo umepewa jina la Georgy Voronoi, aliyeandika kuuhusu mwaka 1908, ingawa Dirichlet alikuwa ameutumia mwaka 1850. Wataalamu wa maji wanaujua kama poligoni za Thiessen, kwa ajili ya vipimo vya mvua. Na ukiunganisha vituo ambavyo maeneo yao yanapakana, unapata pembetatu za Delaunay, ambazo wewe umeshazitumia bila kujali jina: ndizo zinazojenga TIN, yaani uso wa ardhi uliogawanywa kwa pembetatu, unapochora kontua. Sifa yake ni kwamba duara linalopita kwenye kona tatu za pembetatu yoyote halina nukta nyingine ndani, na kwa sababu hiyo pembetatu nyembamba kama sindano huepukwa kadiri nukta zinavyoruhusu.

Voronoi na maji vina historia ndefu pamoja. Kipindupindu kilipolipuka Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alishuku pampu ya Broad Street. Katika ramani yake iliyochapishwa mwaka 1855 alichora mstari unaopita kila mahali ambapo kwenda pampu hiyo na kwenda pampu nyingine ni mwendo sawa, na vifo vikajikusanya upande wa Broad Street. Alipima kwa miguu, akifuata mitaa, si kwa mstari ulionyooka angani. Nakuomba ulibebe hilo. Kituo kilicho mita 700 kutoka shuleni lakini ng'ambo ya korongo si cha karibu kwa mtoto mwenye ndoo. Ripoti yako iseme wazi kwamba umbali ni wa mstari ulionyooka, au utumie barabara na njia za OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, uhesabu mwendo wenyewe.

Mengine nitayapita haraka, uyajue kwa sura. Mzingo wa nje wa nukta, umbo dogo kabisa lisilobonyea ndani linalozifunika zote, ni kama uzi uliokazwa kuzunguka nguzo. Ronald Graham wa Bell Labs alitoa njia yake mwaka 1972, na mwaka 1979 Andrew akatoa iliyo rahisi zaidi kuandika: panga nukta kwa x, zipitie moja moja, na kila zinapopinda vibaya kwa kipimo cha D, itupe ya katikati. Watafiti wa wanyamapori hutumia mzingo huu kukadiria eneo analozunguka tembo aliyefungwa kola ya GPS, na wanajua kwamba safari moja ya mbali inaukuza kupita kiasi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba imethibitishwa hakuna njia ya jumla iliyo nyepesi kuliko kupanga namba: chukua namba zozote, kila x iweke kwenye nukta (x, x²), na mzingo utakurudishia namba zako zikiwa zimepangwa. Uzito wa kupanga ndio uzito wa mzingo. Kwa nukta milioni moja hiyo ni kama hatua milioni 20. Kulinganisha kila nukta na kila nyingine ni trilioni moja. Kompyuta inayofanya hatua milioni 10 kwa sekunde itamaliza ya kwanza kwa sekunde 2 na ya pili kwa zaidi ya siku nzima.

Kupanga huko ndiko pia siri ya mstari unaofagia. Ukitaka kujua barabara zinakata mito wapi ili ukague madaraja, usilinganishe kila barabara na kila mto. Sogeza mstari wima kutoka magharibi kwenda mashariki, na linganisha vipande vilivyo jirani juu yake kwa wakati huo tu, kwa sababu vipande viwili haviwezi kukatana kabla ya kuwa majirani. Bentley na Ottmann waliliandika hili mwaka 1979. Kulielewa ni jioni moja. Kuliandika lisikosee kwenye vipande vitatu vinavyokutana nukta moja ni kazi ya wiki, na hapo ningekushauri utumie maktaba.

Maana swali lako la mwisho ni hilo: uanzie wapi. Andika kwa mkono wako D, eneo, kukatana kwa vipande viwili, na nukta ndani ya poligoni. Vijaribu kwenye karatasi ya miraba, ukichagua kwa makusudi nukta zenye taabu: kwenye kona, kwenye mpaka, kwenye upande uliolala, kwenye mstari lakini nje ya kipande. Baada ya hapo andika mzingo wa Andrew. Ukivimaliza hivyo, rudi kwenye vitabu vyako na hutaona tena nadharia tupu. Lakini kwa kazi unayokabidhi ofisini tumia Shapely au PostGIS, kwa sababu watu wametumia miaka mingi kuzitibu kasoro za desimali ambazo wewe bado hujakutana nazo. Kujifunza kwa mkono kunakupa uwezo wa kujua maktaba inapokujibu jambo lisilowezekana.

Kwa kazi hii ya sasa, ondoa kwanza nukta za sifuri, leta data zote kwenye kanda moja, safisha mipaka, ndipo uiendeshe programu. Kisha fanya hesabu moja ya mwisho: jumla ya vituo vya kata zote, ukiongeza ulivyoviweka kando na sababu zake zimeandikwa, lazima iwe sawasawa na vituo ulivyoanza navyo. Ikipungua au ikizidi hata kwa kimoja, kitafute kituo hicho kwa jina kabla hujakabidhi.